Gari la Pauni Milioni 10 Lililobadilishwa Karibu Kila Kitu: Stori ya Old Number One na Risiti za Gereji

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo nawaletea ugomvi wa watu wenye hela zao uliofika mpaka Mahakama Kuu ya London mwaka 1990. Walikuwa wanagombania swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utacheka: hili gari ni lenyewe au siyo lenyewe?

Majina ya waliogombana siyaweki, mnajua utaratibu wa humu. Mmoja tutamwita Muuzaji. Mwingine ni kampuni, tutaiita Mnunuzi. Lakini gari nalitaja, kwa sababu gari ndiyo staa wa stori yetu. Ni Bentley Speed Six, linajulikana kwa jina la Old Number One, yaani Namba Moja la zamani. Bei waliyokuwa wamekubaliana ilihesabiwa kuwa pauni milioni 10. Mnunuzi akarudi nyuma, akasema hili siyo gari nililoambiwa. Muuzaji akaenda mahakamani.

Kabla ya kufika huko, ngoja niwaambie kwa nini mtu atoe hela ya namna hiyo kwa gari la miaka ya 1920.

Bentley ilianzishwa mwaka 1919 na W.O. Bentley. Kiwanda kilikuwa Cricklewood, kaskazini mwa London. Wakati huo kununua gari la kifahari hakukuwa kama leo, unaingia yadi unaonyeshwa rangi. Kiwanda kilikuuzia chasisi na injini na magurudumu. Mwili wa gari, yaani bodi, viti, milango, ulikwenda kutengenezewa kwa mafundi wengine kabisa, kwa mtindo unaoutaka wewe. Shikeni hilo, tutalirudia. Tangu siku ya kwanza gari lilikuwa ni vipande vya watu tofauti.

Tajiri aliyekuwa anaibeba Bentley alikuwa Woolf Barnato, mtoto wa mtu aliyetajirika kwenye almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Mwaka 1926 akawa mwenyekiti wa kampuni. Huyu hakuwa bosi wa kukaa ofisini. Alikuwa anaendesha mwenyewe mashindano ya Le Mans, yale ya saa 24 kule Ufaransa. Aliingia mara tatu, 1928, 1929 na 1930, akashinda zote tatu. Mara tatu kwa tatu, halafu basi, hakurudi tena.

Mwaka 1929 alishinda akiwa na Tim Birkin ndani ya Speed Six iliyobandikwa namba 1. Mwaka huo Bentley zilichukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne, wengine wakabaki kuangalia vumbi. Mwaka 1930 Barnato akarudi na gari lilelile, safari hii na Glen Kidston, akashinda tena. Gari moja kushinda Le Mans mara mbili mfululizo, hiyo ndiyo sifa ambayo miaka 60 baadaye ilikuja kuwekewa bei ya milioni 10.

Sasa hapo kwenye neno "lilelile" ndipo shida inapoanza.

Gari la mashindano halitunzwi kama gari la harusi. Linaendeshwa saa 24 bila huruma, linarudi gereji, linafumuliwa. Kilichochoka kinatupwa na kipya kinawekwa. Kati ya mashindano na mashindano vinabadilishwa vitu ambavyo wewe na mimi tungeviita gari lenyewe: injini, ekseli, hata fremu. Hakuna fundi wa timu ya mashindano anayewaza kwamba mwaka 1990 kutakuwa na jaji anataka kujua boliti gani ilikuwepo lini. Anachowaza ni Jumamosi ijayo.

Mwaka 1931 Bentley ilifilisika na Rolls-Royce wakainunua. Gari letu likaendelea kukimbia Brooklands, ule uwanja wa zege wa Surrey uliofunguliwa mwaka 1907, wenye kona zilizoinuliwa kama ukuta wa bakuli. Likafungwa injini kubwa zaidi, ya lita 8, badala ya ile ya lita 6 na nusu iliyoshinda Ufaransa. Septemba 1932, katika mashindano ya maili 500, likiwa mikononi mwa Clive Dunfee, lilipanda mpaka juu ya kona, likavuka ukingo na kuanguka upande wa pili. Dunfee alikufa. Alikuwa amempokea kaka yake usukani katika mashindano hayohayo.

Baada ya hapo Barnato hakulitupa. Alilifanya kuwa gari la kutembelea, kupe yenye paa, ya watu wawili. Kwa hiyo ukilihesabu vizuri, limebadilishwa injini, limebadilishwa bodi, limebadilishwa kazi, na limeua mtu. Miaka ikapita, likabadilisha wamiliki, mpaka likafika kwa Muuzaji wetu, akalifufua.

Na muda aliolifufua ulikuwa muda mtamu kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya zamani zilipanda kama kichaa. Novemba 1987 Bugatti Royale moja iliuzwa kwa mnada London kwa pauni milioni 5 na nusu. Agosti 1988 Enzo Ferrari akafariki, na Ferrari za zamani zikaanza kuuzwa kama viwanja vya Masaki. Watu ambao hawajawahi kushika spana walinunua magari kama wengine wanavyonunua hisa. Na hela ikishakuwa nyingi mahali, mnajua kinachofuata. Bentley nyingi za zamani zilizokuwa na bodi za kifamilia, nzito na zenye milango minne, zilivuliwa bodi hizo na kuvalishwa bodi za wazi za kijani zinazofanana na za Le Mans. Siyo wote waliofanya hivyo walikuwa matapeli, wengine walipenda tu muonekano. Lakini gari likishapita mikono mitatu, aliyeambiwa "hii ni kopi" anakuwa ameshasahau kumwambia anayefuata.

Katika hali hiyo, mwaka 1990, Mnunuzi akasimama akasema: nionyesheni hili ni Old Number One.

Wadau, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu, sheria siijui, lakini hii kesi niliisoma usiku mzima kwenye simu mpaka bando likaisha. Jaji alifanya kitu ambacho fundi wetu wa mtaani angekielewa mara moja. Alilivunja gari kichwani mwake, kipande kwa kipande, akauliza kila kipande: wewe umeingia lini?

Majibu yalikuwa mabaya kwa Muuzaji, au ndivyo ilivyoonekana. Kwa gari lililoshinda mwaka 1929, jaji alikuta hakuna kilichobaki, au ni kidogo sana, vitu vidogo vidogo ambavyo huwezi kuvipa tarehe. Kwa gari la mwaka 1930, vilivyoonekana kubaki ni shafti ya pedeli, ganda la giaboksi na mhimili wa usukani. Basi! Vile vya 1932, vya gari lililoanguka Brooklands, ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi, pamoja na ile injini ya lita 8.

Ungekuwa wewe ungeamuaje? Mimi nilipofika hapo niliweka simu chini nikasema Muuzaji kaisha. Pauni milioni 10 kwa ganda la giaboksi!

Julai 1990 jaji akaamua kwamba Muuzaji yuko sahihi na Mnunuzi lazima akamilishe ununuzi. Sababu yake, kwa maneno yangu: gari hili halikuwahi kufa siku moja likazaliwa jingine. Vipande viliingia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kila kipya kikazoeleka na kuwa sehemu ya gari kabla kingine hakijaja. Hakuna siku ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema leo ndiyo limeacha kuwa Old Number One. Na hakuna Bentley nyingine popote, iliyopo au iliyokufa, inayoweza kusimama na kudai jina hilo. Hakusema ni gari la asili vilevile lilivyotoka kiwandani, hapana. Alikataa pia kuliita kopi. Alisema ni Old Number One halisi.

Ukimsikiliza vizuri, jaji hakuamua kwa chuma. Chuma kilikuwa kimeshashindwa. Aliamua kwa historia isiyo na pengo. Na historia isiyo na pengo haining'inii hewani, inakaa kwenye makaratasi: nani alikuwa nalo, lilifanyiwa nini, mwaka gani, na kilichotoka kilipokewa na nini. Hata ajali ya 1932, siku mbaya kuliko zote za gari hilo, ikageuka kuwa msaada. Ilitokea hadharani, mtu alikufa mbele ya watu. Yule anayefikiri atauza gari lake vizuri kwa kuficha karatasi ya ajali, hapo ana cha kujifunza. Ajali yenye karatasi inaeleweka. Rangi mpya isiyo na maelezo ndiyo inayomfanya mnunuzi apige magoti na tochi chini ya gari.

Kuna watu wengine kwenye stori hii ambao hawana majina hata kwa wanaoijua vizuri. Bentley walikuwa wanatoa dhamana ya miaka mitano kwa chasisi, jambo kubwa kwa miaka ile. Ukishatoa dhamana ya miaka mitano lazima ujue gari lipi lilikuja gereji lini na lilifanyiwa nini, la sivyo wateja watakula kampuni mpaka mifupa. Kwa hiyo idara yao ya huduma iliweka kumbukumbu kwa namba ya chasisi. Gari limeingia tarehe fulani, limetembea maili kadhaa, limebadilishwa hiki na kile. Kumbukumbu hizo, za magari ya wateja, nyingi zipo mpaka leo, na mwenye Bentley ya enzi ya Cricklewood anaweza kusoma gari lake liliumwa nini mwaka 1928. Fikiria yule karani. Hakuna aliyempiga picha akiwa na taji la maua. Barnato ana vikombe, yeye alikuwa na kalamu na wino, anaandika "breki zimebadilishwa" anakwenda kula mchana. Leo mstari wake mmoja unaweza kuongeza bei ya gari kuliko mshahara wake wa maisha yote.

Waingereza wenyewe, pamoja na sifa zao zote za kutunza makaratasi, walikuja kujifunza kwa maumivu. Tangu mwaka 1921 kila gari kwao lilikuwa na kijitabu chake cha usajili, kinagongwa mhuri wa kodi kila mwaka na kuandikwa kila mmiliki mpya. Mafaili makubwa yalikaa kwenye halmashauri. Mwaka 1974 serikali ikaanza kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta moja kule Swansea. Wenye magari waliokuwa wameyapaki mabandani hawakuona haraka. Mwisho ukawekwa Novemba 1983: gari ambalo halijaingia kwenye kompyuta, namba yake imepotea. Na halmashauri nyingi, zikiona kazi imeshahamia Swansea, zikatupa mafaili au kuyachoma.

Matokeo yake ni watu wakafungua banda la marehemu baba, wakakuta gari la michezo la miaka ya 1930, namba ya chuma bado imening'inia mbele, na serikali haiijui. Ukaja utaratibu wa kuidai tena, lakini masharti yake ni karatasi ya zamani inayounganisha namba ile na chasisi ile. Hapo kijitabu kilichokuwa kimefunikwa na panya kikawa dhahabu. Risiti ya gereji, stika ya kodi, cheti cha ukaguzi, vyote vikaanza kutafutwa kwenye makabati ya jikoni. Ukaguzi wa lazima wa magari kwao ulianza mwaka 1960, mwanzoni kwa magari yenye umri wa miaka kumi na kuendelea, baadaye ukashuka mpaka miaka mitatu. Kila mwaka cheti kimoja. Kwa mpenzi wa magari vile vyeti ni kama kadi ya kliniki ya mtoto.

Na vina kazi nyingine. Magari mengi ya michezo ya zamani yana mita yenye tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Kwa hiyo gari linalosoma 34,000 linaweza kuwa limetembea 34,000 au 134,000, na mita yenyewe haina uwongo wala ukweli, imerudi tu mwanzo. Kitu pekee kinachokuambia ni mlolongo wa karatasi: mwaka huu risiti inasema 91,000, mwaka unaofuata 97,000, halafu ghafla 2,000. Umeelewa. Huhitaji mtaalamu wa Uingereza hapo, unahitaji mtu aliyetunza risiti za kubadilisha oili.

Kwenye nchi zetu hii habari ya kilomita tunaijua kwa uchungu, gari linashuka bandarini na mita inasoma kama lilikuwa la bibi kizee wa kwenda kanisani tu. Lakini sitaki kuingia huko leo.

Ngoja niwape ya nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 504. Siyo gari la michezo, najua, msinitukane kwenye komenti. Lakini kwa jinsi alivyokuwa analiendesha kwenda Morogoro, yeye aliamini ni la michezo. Injini yake ilikufa, akapata nyingine, fundi akaifunga vizuri kabisa, gari likawa linanguruma kama simba aliyeshiba. Fundi hakutoa risiti wala mjomba hakuidai. Waliuziana kwa kuaminiana, wakanywa soda. Karatasi ya ile injini, imetoka gari gani na nani kaiuza, haikuwepo.

Miaka sita baadaye mjomba akaumwa, ikabidi gari liuzwe haraka. Mnunuzi akaja na fundi wake. Wakafungua boneti, wakasoma namba ya injini, wakasoma kadi. Namba haziendani. Mjomba akaeleza. Yule mnunuzi alikuwa mtu mstaarabu, aliitikia kila neno, "sawa mzee, nakuelewa mzee, shikamoo zako nazipokea." Halafu akataja bei ambayo ni nusu. Mjomba alisema, "Baba, hii injini ni nzuri kuliko ile ya kwanza." Jamaa akajibu, "Mzee wangu, mimi sibishi uzuri. Nabishia nikisimamishwa nitasema nini." Gari likaondoka kwa nusu bei na ile hela ndiyo iliyolipia hospitali, haikutosha.

Ndiyo maana niliposoma habari ya Old Number One sikuiona kama mambo ya wazungu matajiri. Injini ya lita 8 mahali pa lita 6 na nusu, ni jambo lilelile la mjomba. Tofauti ni kwamba la Barnato lilikuwa linajulikana liliingia lini na kwa sababu gani.

Na mtu asidhani kwa kuwa jina lina heshima basi karatasi hazihitajiki. Ni kinyume. Mei 2022 Mercedes waliuza gari lao la 300 SLR la mwaka 1955, lile la paa, lililotengenezwa mawili tu, kwa euro milioni 135. Hakuna gari lililojulikana kuuzwa ghali hivyo kabla yake. Hilo halikuwahi kutoka mikononi mwa kiwanda tangu litengenezwe. Maswali ya nani alikuwa nalo, limefumuliwa na nani, nani kabadilisha nini, hayakuwa na pa kuanzia, majibu yote yalikaa chini ya paa moja.

Upande wetu wa dunia ninayo moja inayonifurahisha. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, ile Safari ya matope na mawe iliyokuwa inaua magari ya watu wenye majina makubwa. Gari lililoshinda 1971 Nissan walilirudisha Japani wakalitunza, na mwaka 2013 wafanyakazi wao wenyewe wakalifufua. Lakini magari mengine mangapi yalikimbia Safari miaka ile, yakauzwa Nairobi au Kampala, yakawa teksi, yakawa ya kubebea maziwa? Leo mtu akija kwako na 240Z iliyochoka akakuambia hii ilikimbia Safari, huwezi kumcheka na huwezi kumlipa. Inategemea anachotoa mfukoni. Karatasi ya usajili wa wakati ule, picha ya gari likiwa na namba yake, risiti ya gereji iliyolinyoosha baada ya mashindano. Bila hivyo, hiyo ni stori tu, na stori tunapeana bure hapa kila siku.

Kwa wale wachache mnaomiliki kitu cha zamani, au mna baba mwenye MR2 au Celica kuukuu imefunikwa turubai uani, niseme hili la vitendo niondoke. Risiti nzuri kwa gari la zamani ina namba ya chasisi au ya usajili, tarehe, kilomita siku hiyo, na kazi iliyofanyika kwa maneno ya kueleweka. "Matengenezo 350,000" haisemi chochote, mwambie fundi aandike alichobadilisha. Piga picha kabla na baada. Kipande cha asili kilichotolewa usikiache gereji, kibebe nyumbani hata kama ni kibovu, kwa sababu mnunuzi wa siku zijazo anaweza kukitaka kuliko kile kipya. Na hizi risiti zetu za mashine, za karatasi laini, maandishi yake yanafutika. Ziache kwenye dashibodi juani uone. Baada ya muda una kikaratasi cheupe ambacho hata TRA wenyewe hawatakisoma. Toa kopi siku hiyohiyo au ipige picha, uihifadhi mahali pengine zaidi ya simu ambayo utaibiwa Kariakoo.

Kuhusu uamuzi wa jaji, nimebadilisha msimamo mara tatu tangu nianze kuandika. Moyo wangu unasema alikuwa sahihi, kwa sababu hata mimi si yuleyule wa darasa la pili na bado cheti cha kuzaliwa ni changu. Lakini nikikaa upande wa Mnunuzi namuelewa pia. Alitaka kugusa kitu kilichokuwa Ufaransa mwaka 1929, akaambiwa utakachogusa ni sifa yake. Kama ingekuwa hela yangu, ningeomba angalau nipunguziwe.

Wa timu "ni lilelile" na wa timu "lilikufa Brooklands 1932", uwanja wenu uko hapo chini. Matusi siruhusu, na anayejua bei ya ganda la giaboksi la Peugeot 504 aniandikie, mjomba bado analo moja chini ya kitanda.